Karatasi na Kinywa: Ushawishi wa Hotuba za Kisiasa Nchini Kenya, 1963–2002

Kwa muda wa karibu miaka arubaini, hotuba ya Rais wa Kenya katika sikukuu za taifa ilikuwa kwa kweli hotuba mbili, zilizotolewa na mtu mmoja juu ya jukwaa moja. Ya kwanza ilikuwa ya karatasi. Iliandikwa na maofisa wa serikali kwa Kiingereza, ikapigwa chapa, ikagawiwa mabalozi na waandishi wa magazeti, kisha ikasomwa kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Ya pili haikuwa na karatasi. Rais alipokwisha kusoma aliikunja ile ya kwanza, akaugeukia umma, akaanza kusema kwa Kiswahili. Hapo waliokuwa wakisinzia waliamka, na waliokuwa wakinong'onezana wakanyamaza.

Tofauti hiyo ya lugha haikuwa jambo la bahati tu. Kiingereza kilielekezwa kwa wale walioketi kivulini: mabalozi, majaji, mawaziri, wenye mitaji. Kiswahili kilielekezwa kwa wale waliosimama juani. Mambo mawili yasiyofanana yaliweza kusemwa katika muda wa saa moja, na kila upande ukaondoka ukiamini kwamba wao ndio walioambiwa lililo la kweli.

Katika kuhifadhiwa, karatasi imekuwa na bahati kuliko kinywa. Hotuba za Jomo Kenyatta za miaka ya 1963 na 1964 zilikusanywa na kuchapishwa na Oxford University Press mwaka 1964. Kitabu kikaitwa kwa neno la Kiswahili, Harambee!, lakini yaliyomo ndani yake ni Kiingereza. Mtafiti atakaye kujua jinsi Wakenya walivyovutwa na viongozi wao huenda penye nyaraka akaikuta hotuba ya kwanza, akaichambua, na kuhitimisha kwamba siasa za Kenya zilikuwa siasa za takwimu na mipango ya maendeleo. Wataalamu wa Kiswahili nao hawana budi kubeba sehemu ya lawama. Kiswahili cha majukwaani kilikuwa Kiswahili cha bara. Upatanisho wake wa kisarufi ulipinda hapa na pale, na wengi waliolelewa katika ushairi wa Lamu na Mombasa hawakukiona kuwa kinastahili kuchunguzwa. Walihesabu makosa ya ngeli huku maelfu ya watu wakipiga vigelegele.

Vitabu vya balagha hutaja takriri, tashbihi, istiari, kejeli, methali na maswali yasiyongoja jibu. Mbinu zote hizo zimo katika hotuba za Kenyatta na za Daniel arap Moi, na kuziorodhesha si kazi ngumu. Lakini orodha haielezi kwa nini methali ile ile ishangiliwe mahali pamoja na kuleta maafa mahali pengine. Lililo muhimu zaidi ni jambo ambalo orodha hizo hazina jina lake: pengo. Mlumbi hodari wa jukwaa la Kenya hakumaliza usemi wake. Aliacha nafasi iliyohitaji kujazwa na wasikilizaji, na kile walichokijaza wakakihesabu kuwa ni chao. Historia ya ushawishi katika kipindi hicho yaweza kusomwa kama historia ya pengo hilo: nani aliliacha, nani alilijaza, na nini kilitokea lilipojazwa kwa neno lisilotarajiwa.

Mwito na mwitikio

Tarehe 1 Juni 1963, siku ya Madaraka, Kenyatta aliposhika uongozi akiwa Waziri Mkuu, alilifanya neno harambee kuwa mwito wa taifa. Asili ya mbali ya neno hilo ina mabishano, na wako waitafutao katika lugha za Bara Hindi. Matumizi yake hayana mabishano. Ni kilio cha watu wafanyao kazi nzito kwa pamoja, kama vile kuvuta chombo ufuoni au kuinua gogo. Mmoja huita, wengine huitikia, na katika kule kuitikia nguvu za wote hutumika kwa mara moja. Pasipo mwito kila mtu angevuta kwa wakati wake, na chombo kisingesogea. Kwa hiyo neno lenyewe ni nusu ya usemi. Limeundwa ili likamilishwe na watu wengine.

Inafaa vilevile kutazama sarufi yake. Harambee ni kihisishi. Halina mtenda wala mtendwa, halina wakati, halisemi nani avute wala nini kivutwe. Ufuoni upungufu huo hauna madhara, maana chombo kiko mbele ya macho ya wote na kamba iko mikononi. Jukwaani chombo hakionekani. Mkulima aliyenyang'anywa shamba aliposikia harambee alifahamu kuwa ardhi itarudi. Mfanya biashara alifahamu kuwa leseni zitapatikana. Mwalimu alifahamu shule. Wote waliitikia kwa sauti moja, kila mmoja akivuta chombo chake.

Namna ya kulitamka nayo ilikuwa na kazi. Kenyatta aliinua mgwisho, akalivuta neno mpaka mwisho wa pumzi, na umma ukajibu kwa mkato. Kisha tena, na tena. Mtu aliyekwisha kuitikia mara tatu pamoja na maelfu ya wenzake amekwisha kutoa idhini kwa mwili wake kabla hajaelezwa anaombwa idhini ya nini. Hata wageni hawakusalimika. Tarehe 12 Agosti 1963 Kenyatta alizungumza mjini Nakuru na wakulima wa Kizungu waliokuwa na hofu ya kufukuzwa. Alizungumza nao kwa Kiingereza, kwa upole, juu ya kusameheana na kusahau yaliyopita. Na inasimuliwa kwamba mkutano ulipokwisha wakulima hao nao walipaza sauti wakaitikia harambee. Hotuba nzima ilikuwa ya karatasi na ya hoja, lakini kilichotia muhuri ni kile kilio cha wavuta kamba.

Baadaye neno hili lilipoa. Kadiri shule na zahanati zilivyojengwa kwa michango, kihisishi kikageuka nomino: harambee ya shule, kadi ya harambee, kwenda harambee. Nomino haina pengo. Kila mtu alijua sasa kinachovutwa ni fedha, na majina ya waliovuta yakasomwa kwa kipaza sauti pamoja na kiasi alichotoa kila mmoja.

Kisumu, 1969

Mahali ambapo mbinu hizi zote zilionekana kwa wakati mmoja, na zote zikashindwa, ni Kisumu. Tarehe 25 Oktoba 1969 Kenyatta alifika huko kufungua hospitali kuu mpya ya Nyanza, iliyojengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti. Hali ilikuwa mbaya kabla hajafika. Tom Mboya alikuwa ameuawa Nairobi tarehe 5 Julai mwaka huo huo, na watu wa Nyanza walikuwa na uchungu. Jaramogi Oginga Odinga, aliyejitenga na KANU mwaka 1966 akaongoza chama cha KPU, alikuwa pale pale jukwaani. Sauti ya siku ile ilinaswa na imesalia. Ndiyo sababu hotuba hii, tofauti na nyingi nyinginezo za kinywa, yaweza kuchunguzwa.

Kenyatta alianza kwa methali, ile ya fadhila za punda. Madarasani methali hiyo humalizwa kwa neno mateke. Mitaani humalizwa kwa neno jingine, nalo ndilo lililotumika. Methali jukwaani kwa kawaida ni aina ya mwito: kila msikilizaji anaujua mwisho wake, na anapoumaliza moyoni amekwisha kukubaliana na msemaji. Lakini methali ina sharti moja ambalo vitabu vya shule havilitaji. Hudai kwamba msemaji na msikilizaji wako upande mmoja, wakimtazama mtu wa tatu. Kisumu mtu wa tatu hakuwapo. Punda wa methali walikuwa wale wale walioombwa kuimaliza.

Likafuata fungu la maneno ambalo Kenyatta alilipenda, nalo likarithiwa na karibu kila mwanasiasa wa Kenya aliyemfuata: watu wachache. Hawa watu wachache wanaoleta upuuzi. Hawa watu wachache. Ni fungu lenye werevu mkubwa. Halitaji jina, kwa hiyo haliwezi kukanushwa. Na kila msikilizaji, kwa kuwa anasimama katika kundi kubwa, hujihesabu kuwa si mmoja wa wachache hao. Kwa njia hiyo lawama hutolewa mbele ya watu elfu kumi na hakuna hata mmoja ajionaye kuwa amelaumiwa. Mjini Nyeri au Nakuru fungu hilo lilifanya kazi yake. Kisumu wale wachache walikuwa ni mkutano mzima, na kiashiria hawa, kielekezacho kwenye kilicho karibu, kilisikika kwa maana yake halisi.

Tena kukawa na tashbihi ya unga: wapinzani wa serikali watasagwa kama unga. Hii nayo imechotwa katika maisha ya kawaida kabisa, maana hakuna nyumba ya mahindi au mtama isiyojua kusaga. Ukali wake hauko katika nguvu ya jiwe. Uko katika hali ya kilichosagwa. Nafaka iliyovunjwa bado hutambulikana punje kwa punje. Unga hauna punje. Kiongozi yule yule aliyewaita watu wavute kamba pamoja, kila mmoja kwa mkono wake, sasa alizungumza juu ya umoja wa aina nyingine.

Umma haukukaa kimya. Alama ya KPU ilikuwa fahali, na watu wakajibu kwa kupaza sauti: Ndume! Huo ulikuwa mwitikio pia. Pengo lililoachwa kwa ajili ya kilio cha harambee lilijazwa kwa kilio cha chama kingine, na yeyote ajuaye desturi ya mwito na mwitikio hatashangaa kwamba hasira ya msemaji ilipanda kwa kadiri ile. Msafara wa Rais ulipokuwa ukiondoka askari walifyatua risasi katikati ya watu. Wengi waliuawa, watoto wakiwa miongoni mwao. Katika siku chache Odinga na wenzake waliwekwa kizuizini, na tarehe 30 Oktoba KPU ikapigwa marufuku. Kenyatta hakurudi tena Kisumu mpaka alipofariki.

Wako wasemao kwamba siku ile ilikuwa siku ya hasira tu na kwamba si haki kuihesabu katika ulumbi. Hoja hiyo haitoshi. Kila mbinu iliyotumika Kisumu ilikuwa imetumika mahali pengine kwa kicheko na vigelegele: methali, takriri, tashbihi ya nyumbani, kutotaja jina. Hasira haikuzibuni. Kilichobadilika ni mahali pa msikilizaji katika usemi, na badiliko hilo moja lilitosha kuzigeuza mbinu za kushawishi kuwa vitisho.

Swali la mkubwa na swali la mdogo

Swali lisilongoja jibu, au swali la balagha, ni mbinu nyingine ya pengo, lakini ni pengo la uongo; jibu limo ndani yake tayari. Mfano maarufu ni ule wa Kandara, Aprili 1965, Kenyatta alipomkabili hadharani Bildad Kaggia, aliyefungwa pamoja naye enzi za ukoloni na ambaye aliendelea kuwatetea wasio na ardhi. Kenyatta aliwataja waliokuwa wafungwa wenzao, akaonyesha mashamba na mali waliyojipatia, kisha akamwuliza Kaggia yeye amejifanyia nini. Kaggia hakuwa na mali ya kuonyesha, na hilo ndilo lililokuwa jibu. Kwa swali moja ufukara wa mtu, ambao ungeweza kuwa ushahidi wa uaminifu wake, uligeuzwa kuwa ushahidi wa uvivu.

Miaka mitatu baadaye swali liliulizwa kutoka upande wa pili. Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika mwaka 1968 karatasi yenye anwani Kenya: Twendapi? Kwa umbo hili nalo ni swali la balagha. Hata hivyo lilipokewa kama swali la kweli, lenye kudai jibu, na jibu likatoka mahakamani: kifungo cha miaka mitatu kuanzia 1969. Mashairi aliyoyatunga gerezani, Sauti ya Dhiki, yalichapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata yakapata tuzo ya fasihi iliyoitwa kwa jina la Jomo Kenyatta. Wanafunzi wa balagha wangefaa kuyaweka maswali haya mawili kando kwa kando. Kilichoyatofautisha hakimo katika maneno.

Tanzania, ambako hotuba zake zilisikika Kenya kwa redio, mambo yalikuwa na sura nyingine. Huko karatasi na kinywa vilikuwa na lugha moja. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa Kiswahili, na Julius Nyerere aliweza kulieleza jambo la sera kwa maneno yale yale yaliyoandikwa. Tarehe 2 Novemba 1978, akitangaza vita dhidi ya Idi Amin, alisema: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Nguvu ya sentensi hizi imo katika sarufi. Yambwa imetangulizwa, kitenzi kimerudi mwisho, na kirejeshi kimebadilika mara moja tu, kutoka -o ya uwezo kwenda -yo ya sababu, kisha kikabaki pale pale kwa nia. Sikio husikia mlango ukifungwa mara tatu. Hapana pengo, msikilizaji haachiwi chochote cha kujaza. Kwa hiyo Nyerere aweza kunukuliwa neno kwa neno na wanafunzi ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule, lakini walumbi wa Kenya hukumbukwa zaidi kwa vilio, majina na mafumbo.

Kenya nayo ilijaribu kuunganisha lugha hizo mbili. Julai 1974 Kenyatta aliamuru kwamba Bunge lizungumze Kiswahili, na katiba ikarekebishwa. Waheshimiwa waliosifika kwa ufasaha wa Kiingereza walijikuta bubu, na wengine ambao hawakuwa wakisikika wakapata ndimi. Miswada ya sheria, walakini, iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na mwaka 1979 Kiingereza kikarudishwa katika mijadala kando ya Kiswahili. Hata ndani ya Bunge, basi, mgawanyo ulikuwa ule ule: sheria kwa karatasi, ushawishi kwa kinywa.

Nyayo za nani?

Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Moi, aliyekuwa mwalimu kwa kazi yake ya kwanza, alirithi nchi ambayo baadhi ya wakubwa wake walikuwa wamejaribu miaka miwili kabla kubadili katiba ili asirithi. Alihitaji neno lenye kuwatuliza, na akalipata: fuata nyayo.

Unyayo ni alama iachwayo ardhini na mguu uliokwisha kupita. Kwa maana yake ya asili neno hilo huashiria asiyekuwapo. Pia kwa matumizi ya kawaida nyayo huhitaji mwenyewe: nyayo za fulani. Mwanzoni mwenyewe alijulikana na wote. Moi aliahidi kufuata nyayo za Mzee, na waliokuwa na hofu wakatulia. Lakini katika wito wa jukwaani kile kiunganishi kiliachwa, na pamoja nacho jina la mwenye nyayo. Fuata nyayo. Za nani? Kwa miaka miwili mitatu umma ulijaza Kenyatta. Baadaye, pasipo tangazo lolote, ukajaza Moi. Si rahisi kupata mfano mwingine wa kiungo kidogo cha sarufi kilichobeba mabadiliko makubwa ya utawala kiasi hicho.

Kutoka hapo neno lilihama ngeli. Kulikuwa na maziwa ya Nyayo yaliyogawiwa shuleni tangu 1979, na uwanja wa Nyayo, na jumba la Nyayo, na mabasi ya Nyayo. Halafu watu wakaanza kumwita Rais mwenyewe Nyayo, na alama nyingi za ardhini zikawa mtu mmoja. Mwaka 1986 kilitolewa kitabu cha Rais kuhusu falsafa ya Nyayo. Kiliandikwa kwa Kiingereza, yaani neno la kinywa liliporudishwa kwenye karatasi halikurudi kwa lugha yake. Katika miaka hiyo hiyo jumba la Nyayo mjini Nairobi lilikuwa na vyumba ambamo wananchi walioshukiwa kuipinga serikali waliteswa, na Mahakama Kuu ilikuja kuwapa baadhi yao fidia mwaka 2010. Neno lililobuniwa ili kutuliza hofu likawa kwa watu hao jina la mahali pa hofu.

Fumbo, ambalo washairi wa Mombasa walilitumia kuwashambulia watawala tangu enzi za Muyaka bin Haji, lilipata pia makao katika jukwaa la mtawala. Mei 1983, akihutubia Kisii, Moi alisema kwamba nchi za kigeni zilikuwa zikimwandaa mtu fulani kuchukua uongozi wa Kenya. Hakumtaja. Neno msaliti likaenea nchi nzima. Uzito wake haukutoka katika siasa. Kwa Wakristo wa Kenya msaliti alikuwa na sura na jina tangu utotoni, naye ni Yuda. Kwa wiki kadhaa kila mwanasiasa alikuwa na kazi mbili: kuonyesha kwamba si yeye, na kukisia ni nani. Mwisho wa Juni jina la Charles Njonjo lilitamkwa Bungeni, na huo ukawa mwisho wa nguvu zake. Tume ya uchunguzi ilifuata, kisha msamaha wa Rais.

Ubora wa fumbo, ukitazamwa kwa jicho la mlumbi, ni kwamba aliyelifumbua hulimiliki jibu. Rais hakumshtaki mtu yeyote. Walioshtaki walikuwa wengine, nao walifanya hivyo kwa bidii kuliko kama wangeamriwa. Kwa upande huu fumbo la 1983 lilifanana sana na harambee ya 1963: nusu ya usemi kutoka juu, nusu kutoka chini. Tofauti ni kwamba katika harambee aliyekosea kuitikia alipoteza mvuto mmoja wa kamba tu.

Halafu likaja jambo la kasuku. Tarehe 13 Septemba 1984, aliporejea Nairobi kutoka Addis Ababa, Moi aliwataka mawaziri, mawaziri wadogo na kila mtu mwingine waimbe kama kasuku wimbo wake, kama yeye mwenyewe alivyouimba wimbo wa Kenyatta bila kuongeza lake. Mfano huu umechekwa sana, pengine bila kuangaliwa vizuri. Katika Kiswahili kusema kama kasuku ni tusi. Ni kusema usilolielewa. Mlumbi aliyezijua desturi za lugha kwa miaka mingi hangeweza kulisahau hilo. Alichukua tusi akalifanya sifa, na aliyekubali sifa hiyo mbele ya watu alikubali pamoja nayo kudharauliwa. Lakini kwa kufanya hivyo aliliziba pengo. Kasuku haitikii, hurudia. Mwitikio ni neno tofauti na mwito, na ndiyo maana waitikiaji huhitajika. Mwangwi hauongezi kitu.

Hasara yake ilionekana Kasarani tarehe 3 Desemba 1991. Wajumbe wa KANU walikusanyika kuzungumzia mfumo wa vyama vingi, na mmoja baada ya mwingine wakasimama kuulaani, wakidhani huo ndio wimbo. Moi aliposimama alitangaza kwamba kifungu cha katiba kilichoifanya KANU chama cha pekee tangu 1982 kingeondolewa. Wajumbe wakashangilia uamuzi walioupinga muda mfupi uliotangulia. Katika kumbukumbu za balagha ya Kenya hakuna kimya kinachosema mengi kuliko kile kitambo kidogo kilichotangulia makofi yale.

Matamko ya kinywa yaliendelea hata hivyo. Rais aliposimamisha msafara njiani na kupanda juu ya gari, kipaza sauti mkononi, alichokisema kwa Kiswahili kilipokewa na maofisa kama sera, ikiwa kilikuwa kimeandikwa mahali popote au la. Yalikuja kuitwa matamko ya barabarani. Maofisa walilazimika kuifuata hotuba ya pili hata pale ilipopingana na ile ya kwanza waliyoiandika wao wenyewe.

Tarehe 30 Desemba 2002, katika Uhuru Park, Moi alimkabidhi madaraka Mwai Kibaki mbele ya umma mkubwa. Umati ulikuwa umechukua wimbo wa kanisani, ukabadili maneno yake, na kuuimba juu ya Rais aliyekuwa akiondoka. Wengine walirusha matope. Kibaki, akiwa katika kiti cha magurudumu baada ya ajali ya gari, alisoma hotuba yake kwa Kiingereza. Alisema ndani yake kwamba wakati wa matamko ya barabarani umekwisha. Tangazo hilo lilitoka katika karatasi, na wengi wa waliosimama juani walikuwa bado wanaimba.